Verlene Tuggle Mayfield na Darasa la Jumamosi

Mchungaji Gaines, mashemasi, jamaa na majirani wa Hadley Bend: mimi ni Ozella, mdogo wake marehemu. Nimeambiwa nisome kwa dakika nne. Dada yangu hakuwahi kumaliza jambo lolote kwa dakika nne, kwa hiyo mtanivumilia.

Verlene Tuggle alizaliwa tarehe 11 Machi 1944 hapahapa Hadley Bend, Alabama. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Amos Tuggle, mpasua mbao, na Lucinda, aliyewafulia watu nguo. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Mama alisema hata ziwa la kunyonya alichagua upande.

Alisoma Shule ya Pine Level, shule yetu sisi Weusi, iliyojengwa kwa mbao alizopasua baba na wenzake. Vitabu vilitufikia vikiwa vimeshachakaa kwenye shule ya Wazungu. Siku moja alinyoosha mkono akauliza, "Sisi tuko ukurasa gani?" Mwalimu akamwambia akae chini. Alikaa, lakini rohoni hakunyamaza. Mwaka 1966 alihitimu chuo cha ualimu mjini Montgomery na kurudi Pine Level kufundisha historia.

Mwaka 1968 alifunga ndoa na Cleophus Mayfield, fundi wa reli. Cleophus alipokuja kuposa, Verlene alimwuliza swali ambalo kila mtu hapa amewahi kuulizwa naye: "Watu wako ni akina nani?" Cleophus akawataja, baba, babu, mpaka babu wa babu aliyeuzwa utumwani mjini Mobile akiwa mtoto, bila kukwama. Akakubaliwa siku ileile. Baba alisema binti yake ameolewa na ukoo kwanza, mume amefuata nyuma. Walijaliwa mtoto mmoja, Cedrick. Cleophus alitangulia mwaka 2009.

Mwaka 1970 shule za Weusi na za Wazungu ziliunganishwa, Pine Level ikafungwa, na walimu wetu wengi wakaachishwa kazi. Verlene alipelekwa shule ya mjini na kuonywa asivuke kitabu. Kitabu chenyewe kilikuwa na aya mbili tu juu yetu. Basi Jumatatu hadi Ijumaa alifundisha kitabu, na Jumamosi saa tatu asubuhi akafungua darasa lake katika chumba cha chini cha kanisa hili, tena bure. Alimwomba Bwana Hightower wa nyumba ya mazishi, aliyeligawia kanisa mapepeo ya karatasi yenye tangazo lake, aache upande mmoja bila tangazo. Hapo watoto walibandika picha ya mtu wetu mmoja, mkunga, seremala, au mzee aliyekataa kutoka kwenye foleni ya kura, na chini yake mistari mitatu ya maisha yake. Jumapili moja marehemu Mchungaji Pettway alikatiza mahubiri: "Jamani, joto lote hili na hakuna anayepepea! Mnasoma tu!" Shemasi Lonnie Battle akajibu kutoka nyuma, "Subiri kidogo, Mchungaji, ndiyo kwanza nimefika kwa bibi yangu."

Mwaka 1989 alikuja mtoto wa miaka tisa, Keshondra, aliyelelewa mara nyumba hii, mara nyumba ile. Shuleni walikuwa wamemtupa darasa la wanaosemwa ni wazito wa kuelewa. Alipoulizwa watu wake ni akina nani, alisema, "Sina." Verlene akamwambia, "Hakuna asiye na watu, mwanangu. Kwa sasa sema wewe ni Tuggle, tukiendelea kutafuta." Alikwenda ofisini kwa mkuu wa shule, akakaa kitini na mkoba mapajani mpaka mtoto akapimwa upya. Akafaulu, tena vizuri! Wakazunguka makanisa na makaburi, mwishowe wakapata jina moja, Pearlie Sykes, mama wa bibi yake. Leo Keshondra ni mwalimu wa historia mjini.

Februari mwaka huu Verlene aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hakuulizia maumivu. Aliulizia Jumamosi. Alifundisha mpaka Agosti; aliposhindwa kuinuka, alimwita Keshondra kitandani akamwomba alichukue darasa.

"Mwalimu, unazijua sheria za sasa za kutubana walimu wa historia," Keshondra alisema. "Ikisikika nimevuka kitabu, hata kanisani, kazi imeota mbawa. Nina watoto wawili."

"Najua."

"Basi usiniombe."

Akambusu mkono, akaondoka. Mimi nilichemka. Nilisema mtoto yule hana shukrani hata chembe. Dada akanikatiza: "Ozella, koma. Anaogopa, na ana sababu."

Wiki nne darasa lilikaa bila mwalimu, ingawa kila Jumamosi watoto bado walikuja. Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 9 Septemba 2023, Verlene alifariki nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Saa tatu nilikuja hapa kuwarudisha nyumbani watoto ambao wangekuja bila habari. Nikiwa kwenye ngazi nikasikia sauti chini: "Haya, na wewe, watu wako ni akina nani?" Alikuwa Keshondra, pepeo mkononi, watoto wamejaa mbele yake.

Aliponiona alitabasamu. "Usimwambie, mama Ozella. Nataka nikitoka hapa nimwambie mwenyewe kwamba nimeanza."

Ilibidi nimwambie. Akakaa kwenye kiti cha mtoto, akalia, na watoto wakampepea.

Marehemu ameacha mwana, Cedrick, na mkewe Yolanda wa Detroit. Wajukuu Imari na Jonelle. Na mimi mdogo wake. Kuhusu Keshondra, nilimpigia simu kumwuliza nimwandike humu kama mwanafunzi au rafiki wa familia. Nikamwuliza kama ambavyo dada angemwuliza: watu wako ni akina nani?

Akasema, "Mimi ni wa Pearlie Sykes, na wa Verlene Tuggle."

Basi nimemwandika binti. Darasa ni Jumamosi, saa tatu.

Pumzika, dada yangu. Jumamosi ina mtu.