Kamati ya Kutafuta Watu Wazima Watatu

Ukitoka soko la Kangemi ukielekea kanisani, utapita kinyozi mwenye benchi la mbao nje. Hapo ndipo sisi wakubwa wa nchi tusio na ofisi hukutana kila siku kuanzia saa tisa, Haron akitumiminia kahawa. Wakili ni fundi wa viatu aliyewahi kushinda kesi ya mbuzi. Redio hutengeneza redio na huongea kuzishinda zote. Landlodi ana vyumba sita vya mabati na maoni kuhusu kila mpangaji. Mimi huandika vibao vya maduka, na Waringa wangu ni mmoja wa watoto wanaopelekwa ukumbi wa kanisa, ng'ambo ya barabara, wakitoka shule. Mwalimu Nanjala huwapa uji na kuwasaidia homework mpaka wazazi watoke kazini. Sasa wasaidizi wake wamepata kazi kwingine, na jana pasta alitangaza: wasipopatikana watu wazima watatu kufikia Ijumaa, programu inafungwa. Habari hiyo iliniuma sana.

Mimi: Wakifunga, Waringa ataenda wapi? Mama yake yuko kazini Kileleshwa mpaka jioni. Na mimi saa hizo niko juu ya ngazi na rangi.

Landlodi: Kwani ni wewe tu? Mjukuu wangu Kibe alikuwa anashinda kwa mtaro. Siku hizi ananisomea gazeti mpaka bei ya mahindi.

Redio: Shida ni hii masomo ya bure. Tangu mwaka jana watoto wamekuwa wengi, watu wazima wakaisha.

Wakili: Wameisha wakaenda wapi?

Redio: Angalia hii Kangemi yote saa kumi. Unaona mtu mzima hana kazi? Hakuna!

Tukaangalia. Kweli, hatukuona hata mmoja.

Wakili: Mimi najua wako wapi. Wako River Road, wanatembea tu, hawanunui kitu. Tuende na lori tuwabebe.

Mimi: Kwa nguvu?

Wakili: Kisheria. Samaki mkunje angali mbichi.

Mimi: Lakini hao washakauka, bana!

Wakili: Ndio maana nimesema lori.

Landlodi: Lori ni fujo. Watu wastaarabu huunda kamati.

Hapo sote tukakaa wima. Mwambie mtu wa Nairobi kuna kazi, atakumbuka ana mgonjwa. Mwambie kuna kamati, atauliza cheo. Landlodi akawa mwenyekiti, Wakili katibu, mimi mwekahazina wa hazina isiyokuwepo. Redio akakataa katakata kuwa memba wa kawaida, tukamfanya mwenyekiti wa pili.

Haron: Wazee, manahodha wengi chombo huenda mrama.

Redio: Si umesema huenda? Chombo ikienda haijakwama. Mimina kahawa.

Landlodi: Ajenda ya kwanza ni harambee. Tualike waziri.

Wakili: Waziri hawezi kupita hii matope. Aje na helikopta.

Redio: Itue hapo kwa mama wa ndizi. Waziri ashuke, aulize, "Watu wangu, mnataka nini?" Tumwambie, watu watatu tu.

Landlodi: Akisema hana?

Redio: Tunabaki na rubani! Si ni mtu mzima? Huyo ni mmoja, bado wawili.

Tulicheka mpaka kahawa ya Wakili ikamwagikia kiatu cha mteja. Watoto walikuwa wameanza kupita na sweta zao kiunoni, Waringa akanipungia mkono. Mlangoni pa ukumbi Mwalimu Nanjala alikuwa akigawa uji peke yake, huku akiamua ugomvi wa watoto wawili kwa mkono wa pili.

Nyuma yetu kulikuwa na mwanamke ameshika thamosi. Ni Ajwang, aliyehamia chumba kimoja cha Landlodi Jumamosi, amekuja kununua kahawa.

Ajwang: Hamjambo wazee.

Landlodi: Hatujambo mama, karibu. Umekuta kamati.

Ajwang: Nimewasikia. Hao watu watatu wanatakiwa saa ngapi?

Wakili: Saa kumi mpaka saa kumi na mbili.

Ajwang: Wakafanye nini?

Mimi: Ni kukaa tu na watoto. Kugawa uji, kuangalia wasipigane. Kufundisha ni kwa Mwalimu.

Akatutazama mmoja mmoja, bila ubaya wowote.

Ajwang: Na nyinyi wazee wangu, saa kumi huwa mnaenda wapi?

Haron akaanza kupangusa kikombe kilichokuwa safi. Wakili, aliyeshinda kesi ya mbuzi, akainama kukaza kamba za kiatu cha mteja. Mimi nilitaka kutaja ngazi na rangi, nikaona mikono yangu haina hata tone. Ng'ambo, mtoto mmoja akamwaga uji.

Landlodi akasimama, akakung'uta suruali.

Landlodi: Kikao kimeahirishwa.

Redio: Tunaenda wapi?

Landlodi: Kukaa.

Tukavuka barabara huku tukigombana mpaka Mwalimu Nanjala akageuka kutazama. Walitakiwa watatu, sisi tulikuwa wanne, na hakuna aliyekubali kubaki.