Simu ya Binti wa Nyundo

Benchi letu liko mbele ya karakana ya Nyundo, seremala. Kila siku kazi ikipoa tunakaa hapo kunywa kahawa na kubishana juu ya mambo tusiyoyajua. Mimi ni kinyozi wa mlango wa pili, kwa hiyo nasikia yote, hata nisiyoyataka. Siku hiyo Nyundo hakugusa randa kabisa. Alikuwa ameiweka simu ya bintiye wa miaka kumi na tano katikati ya benchi, na kila mtu amejivuta pembeni kidogo kuiachia nafasi. Kusema kweli, niliogopa.

— Nimemnyang'anya asubuhi, alisema Nyundo. Wiki nzima mtoto hali, haongei, macho kwenye simu tu. Nikiingia, anaificha chini ya mto.

Redio, tunayemwita hivyo kwa sababu hakuna taarifa inayompita, aliweka kikombe chini.

— Umefanya la maana. Jana tu wametangaza. Kuna watu wanaingia kwenye simu za watoto, wanajifanya rika lao, wanawapa amri. Siku ya kwanza, usiwasalimie wazazi. Siku ya pili, usile.

— Wangu ameacha kula.

— Basi yuko siku ya pili.

— Na ya mwisho ni ya ngapi?

— Hapo umeme ulikatika.

Nyundo alijifuta jasho. Kamanda, aliyelinda ghala miaka ishirini na mpaka leo hajavua buti, akacheka kwa dharau.

— Amri gani? Hao wanachukua sura! Mtoto akijipiga picha kila saa, sura inapungua kidogo kidogo. Mpwa wangu juzi nilimpita njiani kama simjui.

— Si ulisahau miwani? nikamuuliza.

— Kinyozi, nyamaza. Hiyo simu inatusikiliza hapo ilipo.

Tukashusha sauti, na mimi mmojawapo. Watu wazima wanne, tunanong'ona mbele ya simu.

Mara ikatetemeka juu ya ubao. Kioo kikawaka, yakatokea maneno: *Nimefika. Uko wapi?* Jina la mtumaji halikuwepo, palikuwa na picha ya ua jekundu tu.

— Ndiye huyo! alisema Redio. Usiiguse! Ukiigusa tu, anakuona.

— Itumbukize kwenye ndoo ya maji, alisema Kamanda. Au tuifukie.

— Ukiifukia itaita hukohuko chini, alisema Redio.

— Naifungia kwenye sanduku la misumari, alisema Nyundo, midomo imemkauka. Aitafute mpaka achoke. Mwanangu hampati ng'o!

Wakati huo akafika mama mmoja aliyekuja kuchukua stuli yake. Alisimama akakisoma kile kioo, kisha akatutazama mmoja mmoja.

— Na binti mwenyewe yuko wapi?

— Si yuko nyumbani, alisema Nyundo. Simu ninayo mimi, ataenda wapi?

— Una hakika?

Tukatazamana. Nyundo akatoa simu yake mfukoni, akampigia mkewe, akaongeza sauti ili sote tusikie.

— Mama watoto, mtoto yupo?

— Wewe vipi? Si yuko huko kwako? Ametoka saa nne, kasema anakuja kukubembeleza umrudishie simu yake.

Ilikuwa saa sita kasoro. Hatukuwa tumemwona.

Nyundo alibaki na simu mkononi, mkewe anaita haloo, haloo. Ile ya kwenye benchi ikatetemeka tena: *Nimekuona. Usiondoke hapo.*

Aliinyakua, akaiminya huku na huku. Ikadai namba ya siri. Akajaribu mwaka aliozaliwa mtoto, ikakataa. Akajaribu mwaka aliooa, ikakataa. Akamnyooshea Redio, akaninyooshea mimi, machozi yanamtoka waziwazi.

— Nyie si mnazijua hizi? Nifungulieni basi! Nifungulieni nijue ni wapi!

Nikaipokea, nikaigeuza, nikamrudishia. Kamanda alikuwa ameshakimbia mpaka barabarani na buti zake, na huko akasimama. Hakujua aelekee upande gani.