Vema Mia Moja

Kitu cha kwanza alichokiona binti mmoja mfua nguo, alipokaa ndani ya treni, kilikuwa karatasi yake mwenyewe ya jaribio kwenye mapaja ya mama asiyemjua. Namba thelathini, vema mia moja zimejipanga kama vibanio kwenye kamba.

"Hebu tazama hii, kaka," yule mama alimwambia jirani yake mwenye miwani. "Napima wanafunzi wanajua maneno mangapi ya Kiingereza kabla ya kuanza darasa la jioni. Neno unalolijua, unaliwekea vema. Sasa, kati ya maneno mia, ishirini nimeyatunga mwenyewe, hayapo duniani. Huyu anayajua yote!"

Binti alijificha nyuma ya mkoba wake, ingawa hakuna aliyekuwa akimwangalia. Kumbe alijigamba hata kwa maneno ambayo hayajazaliwa!

"Msamehe, dada," jirani alicheka. "Mimi ni mtu wa fizikia. Mwaka wa tisa huu napiga hesabu za chembe ambayo hakuna aliyewahi kuiona, na kila mkutano natikisa kichwa kama vile naelewa."

"Wewe ni bingwa wa kutikisa kichwa. Huyu namfuta, nafasi apewe mwingine."

"Umfute bila kumuuliza? Labda aliona haya."

"Haya gani ya vema mia?"

Treni ikasimama. Mama akainuka, na nafasi ya darasa ikainuka naye. Binti akamshika mkono wa gauni.

"Mama, namba thelathini ni mimi. Shule niliishia darasa la nne."