Dodoso la Marehemu Babu

Tumsifu Yesu Kristo! Itikieni kwa nguvu, ndugu zangu, maana leo naanika aibu yangu hapa na sina wasiwasi hata kidogo.

Mwaka wa mwisho chuoni nilitumwa kufanya utafiti huku kwetu Litembo, juu ya ngoro, haya mashimo tunayolimia mlimani. Nipite kwa wakulima thelathini, kila mmoja nimjazie dodoso lake. Nikajiambia, mimi mtoto wa Kimatengo, nimekulia ngoroni, nimuulize nani tena? Nikakaa jikoni kwa mama, nikajibu maswali yote mwenyewe. Majina yalipoanza kuniishia nikaandika hata la babu. Babu tulishamzika, ndugu zangu! Nikampa umri, nikampa shamba, na maoni nikamtolea.

Kanuni za chuo nilizijua vizuri: ukighushi majibu, unaweza kufukuzwa. Nikatuma ripoti kwa msimamizi wangu bila hata kutetemeka.

Siku ya kurudi chuoni, nafunga begi, mama akachukua karatasi moja, akaisoma polepole.

"Baba yangu umemhoji lini?"

Jamani! Sikuwa na pa kuweka uso. Mama hakunigombeza. Alinirudishia karatasi, akabeba jembe, akaenda zake shambani. Heri angenipiga!

Nililia, wapendwa. Nikapiga magoti palepale jikoni: Bwana, wanifukuze wakitaka, ila uongo huu umenichosha. Nikampigia msimamizi, nikamweleza yote. Nikasimama mbele ya kamati ya nidhamu, nikakiri. Wenzangu wakavaa majoho, mimi nikaambiwa nirudie mwaka na utafiti wote upya. Watu walinicheka, lakini niwaambie ukweli, usingizi wangu ulirudi siku ileile!

Nikaanzia kwa mama. Nilimkuta anafukia majani kwa udongo, nikampa shikamoo, nikamwomba ridhaa kama mtafiti mgeni. Alinieleza mambo ya ngoro ambayo hayakuwemo katika uongo wangu wote thelathini. Kisha akacheka, akasema, "Jina langu liandike vizuri, mwanangu. Mimi bado niko hai."

Namshukuru Mungu, shahada ninayo, na kila jina lililomo katika utafiti wangu lina mtu wake. Nawe uliyebeba karatasi yako ya uongo, mkabidhi Bwana leo, hatakuacha. Msipoamini, mama yangu yule pale benchi la pili. Muulizeni!