Kiti cha Papa Anaclet Bisimwa (1958–2026)

Familia, marafiki, wana-Kivu wote wa Bruxelles, huyu tunayemsindikiza leo ni Papa Anaclet Bisimwa. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Walungu, Kivu ya Kusini, mtoto wa nne kati ya saba. Wanaosema alizaliwa akimkosoa mkunga Kifaransa chake wanatia chumvi, lakini si nyingi.

Alisoma shule ya msingi Walungu, kisha sekondari Bukavu, alikopata diploma ya ualimu mwaka 1978. Huko ndiko alikokutana na hekaya ya kale ya Ulaya iliyomfuata maisha yake yote: mfalme mwenye haki, malkia wake, na askari wa farasi anayependana na malkia huyo. Mwishoni mfalme anamwacha mkewe ahukumiwe, maana sheria ni sheria. Kijana Anaclet akanyoosha kidole: mbona wote wanasema, malkia tu ndiye asiyeulizwa kitu? Akatolewa nje ya darasa. Alitoka, na swali lake akatoka nalo.

Alifundisha Kifaransa na historia Bukavu mpaka vita vya 1996 vilipomfukuza. Alifika Bruxelles mwaka 2001, na mwaka 2003 akaingia kiwanda cha magari cha mtaa wa Forest, ambako alipachika milango ya magari miaka ishirini. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2025 alikuwa ameshastaafu, lakini alikwenda kusimama getini na wenzake kwenye baridi, bila kofia.

Tarehe 9 Agosti 1986 alimwoa Maman Antoinette Nabintu. Nyumbani kwao kulikuwa na kiti cha Papa, kile cha velvet nyekundu, kando ya radiator inayopasha nyumba joto. Hakuna mwingine aliyekikalia. Mgeni aliyekosea aliinuliwa kwa kikohozi.

Tangu 2008, kila Pentekoste, Papa aliwachezesha vijana wa parokia hekaya yake katika salle, ukumbi wa mtaa wa Ixelles. Mfalme aligeuka mwami, mtawala wa kwetu milimani, juu ya ziwa. Farasi alikuwa toroli la dukani lenye gurudumu moja linalolia. Salle ilikuwa na viti vya plastiki tu, kwa hiyo kiti chekundu kilibebwa ndani ya basi, askari wanne na ngao zao za katoni wakikizunguka.

"Mnahama?" dereva aliuliza mwaka wa kwanza.

"Hapana, monsieur. Ni kiti cha mfalme."

"Basi mfalme asogee, watu wapite."

Katika hekaya ya Papa, mwami hakumhukumu malkia. Alishuka kitini, akaomba pardon, yaani msamaha, akamkalisha yeye kwenye kiti. Élisée, aliyecheza askari wa farasi na ambaye ni mlinzi wa ofisi moja kule mtaa wa Schuman, hakuridhika kamwe.

"Papa, mais malkia alikosa!"

"Mwami mwenye anapenda sheria kupita bibi yake, atabakia na sheria. Alale nayo."

Malkia alikuwa Maman Antoinette. Alipokalishwa, watu walisimama, wakapiga makofi, wengine wakalia. Kisha kiti kilirudishwa nyumbani Forest, Papa akakikalia, akaomba chai. Mwaka mmoja Maman aliileta chai, akasema mbele ya wote, akimwita kwa jina la mtoto wao:

"Papa Michelle, mu salle unanikalisha mu kiti. Ku nyumba nakuleteaka chai. Alors, mwami yako anakufiaka mu bus?"

Watu walicheka sana, maana kweli mwami yule hakuwahi kufika nyumbani. Papa naye alicheka, akanywa chai yake. Maman hakucheka.

Septemba 2025 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Januari alirudishwa nyumbani, kitanda kikawekwa sebuleni. Kiti chekundu kilibaki kitupu mbele yake. Maman alimuuguza akiwa amekalia kigoda cha jikoni, mgongo ukimuuma. Jumapili ya tarehe 8 Februari Papa alimwita.

"Antoinette. Kaa mu kiti."

"Niko bien hapa."

"Kaa, nakuomba."

"Bon, na nani atapiga makofi? Hakuna muntu."

"Njo maana."

Maman akakaa. Papa akaomba pardon. Maneno aliyoyasema ni mali ya Maman, naye ameruhusu tuseme tu kwamba hayakuwa yale ya mchezo. Kisha Papa akamwita binti yao aliyekuwa jikoni, kwa sauti ile ndogo iliyokuwa imebaki:

"Mignonne! Letea maman yako chai."

Alifariki Alhamisi tarehe 12 Februari 2026, asubuhi. Maman alikuwa bado kwenye kiti kile, kimesogezwa hadi kitandani, mkono wa Papa ndani ya wake.

Ameacha mjane, Maman Antoinette, watoto Michelle, Bienfait na Mignonne, wajukuu watano, dada yake Priscille, Bukavu, na askari wa farasi wengi ambao leo hawana mwami.

Kiti kimekuja tena na basi. Kiko pale, mstari wa mbele, na ni cha Maman Antoinette. Mgeni atakayekosea atasikia kikohozi.

Papa Anaclet, umeshuka vizuri. Pumzika sasa, kwa amani.