Mama wa Mwavuli, Toleo la Tatu

Kwa niaba ya Idara ya Ukaguzi wa Picha, na kwa uzito wote unaostahili, nawatangazia wafanyakazi wenzangu kwamba televisheni ya kichogo ya chumba cha nyuma itazimwa Ijumaa, tarehe thelathini. Mliozoea kuweka vikombe vya chai juu yake visipoe, tafuteni mbinu nyingine. Anayeitumia, Mzee Chenga, anastaafu siku hiyo baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi.

Alianza kama mnakili wa kaseti, enzi ambazo picha ikirukaruka tuliipiga televisheni kofi na maisha yakaendelea. Baadaye akawa mkaguzi mkuu, na filamu haikwenda dukani kabla hajaitazama. Jina tulimpa sisi, maana aliziona chenga, zile punje zinazochafua picha, hata pale ambapo mimi na miwani yangu tunaona ukuta mweupe.

Kila mashine mpya aliijaribu kwa filamu ileile ya zamani, kipande kilekile: stesheni ya treni, na mama mmoja mwenye mwavuli akipita nyuma ya mwigizaji mkuu. Kwenye kaseti alikuwa ukungu unaotembea. Diski zilipokuja akapata uso, na doa jeusi shavuni. Tukamtania mzee kwamba ana mchumba stesheni. Alicheka nasi, akarudisha nyuma, akatazama tena.

Mwaka huu filamu hiyo ikaandaliwa upya, ikasafishwa hadi ikang'aa kama sahani za wageni. Sote tulipiga makofi; yeye akaikataa. Alitaka doa lirudishwe. Mtu aliyelipwa maisha yake yote kuondoa madoa, sasa anadai moja! Taarifa rasmi ikasema toleo limechelewa kwa sababu za kiufundi.

Mzee wetu, ahsante kwa macho yako. Tunakuombea mapumziko marefu, afya njema, na umeme usiokatika.

Sasa ukweli, ambao ameniruhusu niuseme mradi nisiupambe. Mama wa mwavuli ni marehemu mkewe. Waliokuwa wakipiga filamu walimwita siku moja tu, apite stesheni; hakuna picha nyingine inayomwonyesha akitembea. Mashine ya kusafisha ilidhani doa lake ni vumbi, ikalifuta. Mzee akaenda kuketi kando ya binti anayeiendesha, akagusa kioo kwa kidole.

"Mwanangu, hilo si vumbi," alimwambia. "Hapo ndipo nilipokuwa nikimbusu kabla ya kuja kazini."

Binti alilirudisha kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Mzee alitazama mara moja tu, akapitisha.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, aliomba ile kaseti ya zamani na televisheni ya kichogo. Kwa hiyo, kusema kweli, haizimwi. Ijumaa tunambebea hadi kwake. Anasema kwenye toleo jipya anamwona vizuri mno: anapita, na hageuki. Kwenye kaseti, kwa zile chenga, mtu unaweza kudhani anageuka.