Paka Sita wa Monique

Pale Nyalukemba, mahali njia ya mawe inapokata kona kabla ya kuteremka ziwani, kuna ubao mmoja uliolazwa juu ya mawe mawili, na wenyewe wanauita Sénat, yaani Seneti, kwa kuwa aliyekwisha kukaa pale haondoki kwa hiari yake. Maman Lucie huja mapema na mbabula yake ya makaa, sufuria ya kahawa na vikombe vitano, na kabla maji hayajachemka wazee wamekwisha kugombana. Yupo Polycarpe, anayeitwa Préfet, yaani mkuu wa shule, ingawa kazi yake ilikuwa kupiga kengele ya shule kwa miaka thelathini. Anaamini kengele ndiyo iliyofundisha. Yupo Jean-de-Dieu, anayeitwa Séminaire, aliyekaa seminari ndogo miaka miwili na hajamaliza kuisimulia mpaka leo. Na yupo Christophe, anayeitwa Gaz, kwa sababu kila kinachotokea Bukavu, iwe mvua au talaka, yeye husema ni ile gesi iliyo chini ya ziwa. Jumamosi moja alitangulia Papa Déogratias, fundi cherehani, mtu mpole asiyebishana na yeyote. Alikuja na gunia tupu kwapani, akalikunja, akalikalia.

Préfet ndiye aliyeliona kwanza.

— Déo, ile gunia ni ya nini?

— Ya paka.

— Paka gani?

— Yote. Yote sita. Cédric anapita hapa na camionnette yake, anaenda Katana. Ataziacha kule karibu ya soko.

Maman Lucie alisimamisha kijiko ndani ya sufuria. Kikombe cha Déo alikijaza nusu.

Kila mtu pale alijua paka wale ni wa nani. Walikuwa wa Monique, mke wa Déo, aliyefariki mwaka jana kabla ya Pasaka. Alianza na wawili, wakawa sita, kila mmoja na jina lake. Siku tatu kabla hajaaga dunia alimshika mumewe mkono akamwambia, «Paka zangu usizitawanye.» Déo akaitika. Mtu akiombwa hivyo, pale, angeitika hata kama angeombwa kufuga mamba.

— Na ile ulimuitikia Monique? aliuliza Séminaire.

— Nilimuitikia, ndiyo. Mais binti yangu Charlène anakuya kesho na mutoto yake. Alikuya mwezi ule mwingine, akasimama ku mulango, akatoka. Jana akanipigia: Papa, kama nyumba ingali inanuka vile, miye nitalala kwa bazazi ya bwana yangu. Mutoto wa wiki sita hawezi vuta ile hewa.

Akaongeza:

— Na mutoto mwenyewe, jina yake ni Monique.

Hapo hata Gaz alitazama chini. Déo alikuwa hajalala vizuri siku nne. Akiwafukuza paka, amemwasi Monique mkubwa. Akiwaacha, Monique mdogo hatavuka kizingiti. Nyumba ilikuwa inanuka kweli, hakuna haja ya kuficha. Ilinuka chini ya cherehani, ilinuka kwenye kapu la vitambaa vya mabaki, na wiki iliyopita mama mmoja alirudisha sare ya mwanawe akisema mwalimu amemtoa mtoto darasani. Déo alisugua sakafu kwa Javel, ile dawa ya kuondoa madoa, mpaka macho yakamwiva, na kesho yake harufu ikarudi na nguvu mpya.

Gaz alikohoa. Wenzake walijua kinachokuja.

— Déo, uniskilize vizuri. Ile harufu haiko ya paka.

— Ni ya nani basi?

— Ni gaz. Ziwa yote hii, chini imejaa gaz. Nyumba yako iko karibu ya mayi. Gaz inapanda polepole, inaingia mu nyumba, na paka banashitakiwa bure. Bado nakwambia, akiba haiozi: ile gaz ni mali. Weka tuyau moja, ile bomba, chini ya cherehani, uwashe, upikie. Courant ya umeme ikikatika, weye njo utauzia majirani ya kartié yote.

— Na kwangu juu ya nini hainuke? akauliza Préfet. Tunagawana ukuta.

— Kwako inaogopa.

— Inaogopa nini?

— Kelele.

Préfet alimwacha kama alivyokuwa anawaacha wanafunzi watoro, akamgeukia Déo.

— Shida ni discipline. Samaki mukunje ingali mubichi. Ku masomo tulikuwa na batoto mia nane na WC ine tu, na hakuna aliyekosea njia. Juu ya nini? Kengele! Nunua kengele. Saa kumi na mbili asubuyi, piga: paka zote inje. Saa kumi na mbili magaribi, piga: zote ndani. Wiki mbili, imekwisha.

— Paka haiko mwanafunzi, alisema Séminaire. Miye nilisikia ku radio, vétérinaire, daktari ya wanyama, alisema vizuri kabisa. Ile harufu ya kali ni ya badume. Banakojolea ukuta juu ya kuonyesha ni kwao. Ukiwakata, banaacha. Na bake, zile za kike, bakikatwa, habazale tena. Weye ulianza na mbili, sasa iko sita. Ukichelewa itakuwa kumi na mbili, kama mitume.

— Kukata! Préfet alishika goti lake kana kwamba ndilo linalokatwa. Mwanaume akate mwanaume mwenzake?

— Padri iko vile, na hajafa.

— Padri hajakatwa!

— Nasema habari ya roho. Paka ikikatwa, roho yake inatulia. Ile dume kubwa ya Déo, Brigadier, inapigana usiku yote. Ikikatwa itakaa pale ku dirisha, itawaza.

— Itawaza nini? Itasahau panya! Penye miti hapana wajenzi.

Hakuna aliyeelewa miti imeingiaje, lakini Préfet aliisema kwa uzito na ikapita. Gaz akalidaka neno palepale lilipoachwa.

— Sikiliza. Nguvu ya dume haipotee. Ukiikata huku chini, inapanda ku kichwa. Paka mukatwa njo anajua udongo itatikisika siku gani. Tonton yangu, kaka ya mama, alikuwa na moja. Ilikuwa inatoka inje siku mbili mbele.

— Na tonton yako? aliuliza Déo, kwa mara ya kwanza.

— Yeye alibakia ndani. Alikuwa anabishia paka.

Walicheka, hata Déo alicheka kidogo, kisha akakumbuka gunia alilolikalia. Majuma matatu sasa alikuwa anaisikia habari hiyo ya kuhasi, na majuma matatu Sénat ilikuwa inamrudisha nyuma. Leo mtu anamwambia fanya, kesho mwingine anamwambia ni dhambi. Na ukweli ambao hakuwaambia ni kwamba alimwonea Brigadier haya. Waliishi wawili wanaume ndani ya nyumba iliyokuwa ya mwanamke mmoja, na usiku Brigadier alikuja kulala upande wa kitanda uliobaki mtupu. Unamkataje mtu kama huyo?

Wakati huo alipanda binti mmoja kutoka njia ya chini, amevaa buti za mpira, begani ana kisanduku cheupe cha kuhifadhi baridi. Pikipiki iliyombeba ilikuwa imepata pancha. Akaomba kahawa, akasogezewa nafasi mwisho wa ubao, akanywa akisikiliza. Préfet, ambaye hawezi kumwona mtu mpya bila kumfundisha, akamweleza kesi yote: paka sita, harufu, mjukuu, gunia, kengele, gesi, mitume. Binti alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Déo.

— Papa, samahani. Hizi paka sita, WC yao iko wapi?

Séminaire alitazama mbinguni, ambako hakukuwa na jibu. Gaz alitazama ziwa.

— WC? alisema Déo.

— Ndiyo, papa. Pahali wanaenda.

— Paka iko musafi, mwanangu. Anajijua.

— Anajijua akiwa na pahali. Zamani walikuwa wanaenda wapi?

Zamani. Déo alikaza macho kwenye makaa ya Maman Lucie. Zamani nyumba haikunuka. Paka walikuwa walewale sita, Brigadier alikuwa yuleyule, na Charlène alikuja Krismasi ya mwisho ya Monique akalala wiki mbili bila kuziba pua. Hilo alilijua siku zote, lakini hakuwahi kulitazama. Alidhani huzuni ndiyo inayonuka, au nyumba isiyo na mwanamke hunuka yenyewe.

Kisha akakumbuka karai. Makarai mawili ya bluu ya plastiki, moja limepasuka ukingoni, na yeye mwenyewe alilishona kwa waya. Kila asubuhi kabla ya misa ya kwanza alimsikia Monique akiyakwaruza nyuma ya jiko, shwa, shwa, akavuta blanketi na kulalamika kwamba mwanamke huyu haachi mtu alale. Miaka mingi alilalamika. Hakuinuka hata siku moja kuona ni nini kinachokwaruzwa.

— Yalikuwa makarai, alisema polepole. Mbili. Ya bluu.

— Na sasa iko wapi? aliuliza binti.

Déo alijifuta uso.

— Iko Katana.

— Katana?

— Siku ya kumaliza kilio tuligawa bintu ya marehemu, vile desturi iko. Dada yake, Christine, alichukua vitenge, sufuria, na makarai. Nilimufungia mwenyewe na kamba. Harufu ilianza… Alihesabu kwa vidole. Ilianza wiki ileile.

Watu wakatazamana. Basi paka walinyang'anywa choo chao siku ileile watu walipomaliza kumlilia aliyewawekea, na Déo ndiye aliyekifunga kwa kamba kikaondoka. Tangu hapo walitafuta mahali laini pa kufukia, wakapata kapu la vitambaa.

— Christine anafanyia nini ile makarai? aliuliza Préfet kwa sauti ndogo.

Mwezi uliopita Déo alikwenda Katana kumsalimia shemeji.

— Analoweka mo muhogo, alisema.

— Na weye ulikula?

— Mara mbili.

Séminaire akafanya ishara ya msalaba. Gaz alisema hiyo inaeleza mengi, ila hakueleza nini. Maman Lucie alificha kicheko ndani ya khanga yake, na binti naye ikabidi aangalie buti zake.

Jina lake lilikuwa Ghislaine, na kumbe kazi yake ilikuwa ya kuchanja mbwa, kata hadi kata. Kwenye kile kisanduku alibeba dawa zenyewe. Alipotaja hivyo Préfet alijisogeza akampa nafasi zaidi, kama mwanafunzi aliyegundua kaketi karibu na inspekta.

— Papa, achana na Javel, alisema Ghislaine. Kwa paka inanuka sawa na mukojo. Ukiipakaa, ni kama umemwita. Osha na sabuni, tena vinegre, ile siki, ufungue dirisha. Kile kikapu cha vitambaa utupe. Uweke makarai, hata tatu, utie kitu laini cha kufukia, na kila asubuyi utoe uchafu. Ile ya chini itaisha. Ya ukuta, hapana: ile ni ya badume, na inaomba kukata. Miye nafanya siku ya kwanza, Jumatatu, hapa hapa Ibanda, na mwenzangu.

— Itaumia?

— Analala, haoni kitu. Magaribi anaomba chakula.

— Na atabakia… Déo alitafuta neno. Atabakia yeye?

— Atabakia yeye, papa. Atakuwa na wewe ku nyumba tu, haendi tena kupigana.

Déo aliitikia kwa kichwa, akakubali. Sénat haikupinga, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

Honi ikalia kule chini. Cédric alitoa kichwa kwenye dirisha la camionnette yake.

— Papa Déo! Iko wapi mizigo?

— Hakuna mizigo! Umusalimie Christine! Umwambie… Déo akafikiri. Umwambie nitamuletea makarai mapya!

Gari likaondoka. Préfet akasukuma kikombe chake kuomba kingine, lakini Maman Lucie aliinamisha sufuria, likatoka tone moja jeusi. Kahawa imekwisha. Akaishusha, akaanza kuchokoa mbabula na kuzoa majivu kuyatia kwenye mkebe mkubwa wa maziwa ya unga, kando ya mwingine wenye ya jana.

Déo alimtazama.

— Maman Lucie, majivu unapelekaka wapi?

— Ikipoa, kesho yake natupa ku mufereji.

— Kila siku?

— Sasa, ndiyo. Lucie hakuinua uso. Zamani sikuwa natupa. Monique alikuwa anakuya kuchukua, ya jana, ile imepoa. Kila magaribi. Miye nilifikiri ni ya kusugulia sufuria. Hata siku ya mwisho, mbele ya kumupeleka ku hôpital, alipita hapa. Akasema: Lucie, usinitupie, nikipona nitakuya.

Déo alikuwa amekaa kwenye ubao huu kila jioni ya Mungu, na mke wake alipita nyuma yake na mkebe wa majivu ya makarai, na hakugeuka hata mara moja kuuliza unabeba nini. Aliona aibu, na aliona upendo.

Aliinuka. Alilichukua gunia alilolikalia tangu asubuhi, akalikung'uta, akalifungua mdomo mbele ya Maman Lucie.

— Weka mo ya jana, alisema. Ile imepoa.

Maman Lucie akamimina. Préfet akashika upande mmoja wa gunia, bila kuombwa, ili yasimwagike.